Glukosi: Sukari Unayokula Hata Usipotia Sukari

Mtu wa Lamu akiambiwa hospitalini kwamba sukari yake iko juu, jambo la kwanza afanyalo ni kuiondoa sukari kwenye chai. Kahawa chungu hunywa bila kashata, na halua ikipita barazani humpisha mwenzake. Kisha asubuhi hula mahamri manne, mchana sahani ya wali wa nazi iliyofura, usiku mkate wa mofa na mchuzi. Mwezi ukiisha hurudi kupima, akakuta nambari ni ile ile, akajiona amedhulumiwa. Sukari ameiacha, na hii nyingine yatoka wapi?

Yatoka sahanini. Kinachopimwa kwenye tone la damu la kidole ni glukosi, na sehemu kubwa ya glukosi yetu twaipata kwenye wali, mkate na muhogo, wala si kwenye kijiko cha chai. Naamini hili ndilo fundo kubwa kuliko yote katika mazungumzo ya kisukari huku pwani. Likifunguka, mengine hufunguka nalo: kwa nini asali si dawa ya mwenye sukari, kwa nini unga wa glukosi wa dukani haumfai mtoto anayehara, na kwa nini dripu haitii nguvu kama watu wanavyodhani.

Glukosi ni sukari sahili, yaani haivunjiki tena ikawa sukari ndogo zaidi. Molekuli yake moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Mimea huitengeneza kwa maji, hewa ya kaboni dioksidi na mwanga wa jua. Mkemia Mjerumani Andreas Marggraf aliitenga kwenye zabibu kavu mwaka 1747, na mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani mwingine, Emil Fischer, akafafanua jinsi atomi zake zilivyopangwa. Fischer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902.

Iko na sukari nyingine sahili, fruktosi, ambayo twaipata zaidi kwenye matunda na asali. Atomi zake ni zile zile na idadi ni ile ile, ila mpangilio ni mwingine. Ni tamu zaidi ya glukosi, na mzigo wa kuishughulikia mwilini hubebwa zaidi na ini. Glukosi moja ikishikana na fruktosi moja hupatikana sukrosi, na hiyo ndiyo sukari ya miwa tunayopimiwa dukani kwa kilo. Kijiko cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kikifika tumboni hugawanyika kikawa nusu glukosi na nusu fruktosi. Ukiona pakiti ya biskuti au mfuko wa dripu umeandikwa dekstrosi, hiyo ni glukosi yenyewe kwa jina jingine, usihesabu kuwa ni kitu cha tatu.

Wanga ndio unaowapoteza wengi. Fikiria tasbihi, kila punje ikiwa ni glukosi moja. Wanga wa mchele, ngano, mahindi au muhogo ni tasbihi ndefu ya mamia na maelfu ya punje hizo, nyingine zimenyooka na nyingine zina matawi. Ulimi hauonji utamu wake kwa sababu punje zimefungana. Lakini tafuna kipande cha mkate usiokuwa na sukari, usikimeze upesi, nawe utaona utamu waanza kutoka. Mate yana kimeng'enya cha kukata uzi, na kazi aliyoianza mdomo humalizwa na utumbo. Mpaka chakula kifike kwenye damu, mofa imekwisha kuwa glukosi, na wali vilevile.

Tupige hesabu. Vijiko viwili vya sukari kwenye chai ni gramu 8. Sahani ya wali wenye uzito wa gramu 300, na hiyo si sahani ya kushangaza katika nyumba zetu, ina wanga wa gramu 80 hivi. Tena wanga ukivunjwa huchukua maji ndani yake, kwa hiyo gramu 80 za wanga hutoa glukosi inayokaribia gramu 90. Aliyeacha sukari ya chai akabaki na wali ule ule ameacha kidogo na kushika kingi. Nayo halua, anayoiogopa kwa sababu ya utamu, ni sukari iliyoshikamanishwa kwa wanga na kulainishwa kwa samli, kwa hiyo glukosi humo imeingia kwa milango miwili.

Nisitoke kwenye tasbihi kabla ya kusema jambo ambalo kwangu ni la ajabu kweli. Punje zile zile za glukosi zikiungwa kwa namna nyingine, kiungo kikageuzwa upande, hazitoi wanga tena, zatoa selulosi. Selulosi ndiyo mwili wa mti. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, kwa sehemu yake kubwa, ni glukosi. Pamba ya kanzu na kikoi ni selulosi karibu yote. Sisi hatuna kimeng'enya cha kukata kiungo hicho, ndiyo maana hakuna binadamu awezaye kushiba kwa mbao. Punda wetu naye hana, lakini ndani ya utumbo wake mpana mna vijidudu wanaoikata kwa niaba yake, naye hupata nguvu kwenye majani makavu ambayo kwetu hayana faida ya chakula. Ile selulosi tunayokula sisi kwenye mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa hupita kama nyuzinyuzi. Haitupi glukosi, ila husaidia kuichelewesha ile nyingine.

Na kuchelewa ndiko kwenye hukumu yote. Mwili haujali kama glukosi imetoka kwa tende au kwa chapati. Unachojali ni kiasi kilichoingia na kasi iliyoingia nayo.

Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, kwa kawaida ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu kwa wakati mmoja. Ni kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Sahani ile ya wali inaleta karibu gramu 90, na zote lazima zipite kwenye njia hiyo yenye nafasi ndogo. Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, huhisi kiwango kimepanda na kutoa insulini, nayo insulini huzifanya seli za misuli na mafuta ziipokee glukosi na kuliamuru ini liiweke akiba. Ini la mtu mzima huhifadhi gramu 100 hivi kama glikojeni, misuli yote pamoja gramu 400 hivi, na ziada hugeuzwa mafuta. Usiku umelala, au mchana umefunga, ini hurudisha akiba hiyo kidogo kidogo, kwa sababu ubongo hauna subira: wenyewe pekee hutumia gramu 120 hivi kwa siku.

Kisukari ni pale utaratibu huu unapoharibika. Kwa wengine, wengi wao wakianza wakiwa watoto au vijana, kongosho halitoi insulini kabisa. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921 watoto hao walikufa, na mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922. Kwa wengi zaidi insulini ipo lakini seli hazisikii tena amri yake. Glukosi hubaki ikizunguka kwenye damu huku seli zina njaa, na kwa miaka huharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu.

Nambari za kukumbuka si nyingi. Mtu mzima aliyelala bila kula, asubuhi glukosi ya damu yake huwa kati ya 4 na 5.5 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita kinachotumika hospitali za Kenya. Ikiwa 7 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vivyo hivyo, hicho ni kisukari. Ikibaki shaka, mtu hunyweshwa gramu 75 za glukosi kwenye maji na kupimwa baada ya saa mbili, 11.1 au zaidi yathibitisha. Wajawazito wengi wanakijua kinywaji hicho, ila kwao mipaka ni mikali zaidi. Na kama jamaa yako amekuletea mashine kutoka Marekani ikasoma 126, usizimie: hiyo yahesabu miligramu, gawanya kwa 18 upate 7.

Turudi kwenye kasi, kwa maana hapa jikoni kwetu kuna hekima na kuna makosa.

Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula bora kuliko mahamri na chai tupu. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, tui lina mafuta, na vyote hivyo hukifanya chakula kitoke tumboni polepole. Hilo haliyafanyi mahamri manne kuwa mawili, lakini laipunguza kasi. Kunde, pojo na maharagwe nayo ni wanga unaovunjika taratibu. Ndizi mbichi ya kupika bado ina wanga mwingi. Ndizi hiyo hiyo ikiiva hadi ganda likawa jeusi, wanga umekwisha geuka sukari, na ndiyo maana ndizi mbivu za nazi ni tamu bila kutiwa kitu. Embe la kutafuna si sawa na gilasi ya juisi ya maembe manne. Wengi huniambia juisi ni ya asili. Ni ya asili, lakini maembe manne hukuyala, umeyanywa kwa dakika mbili.

Kiporo kinastahili maneno yake. Wali uliopikwa ukapozwa kwenye friji usiku kucha, baadhi ya wanga wake hujipanga upya ukawa mgumu kuvunjwa, na hata ukipashwa moto tena hupandisha glukosi kidogo kuliko wali uliotoka chunguni. Tofauti si kubwa ya kumruhusu mtu kujaza sahani mara mbili. Nasisitiza friji, kwa sababu kwenye joto la Lamu wali uliolala mezani huota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo moto wa kupashia hauiui.

Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata pale insulini inaposhindwa. Kutembea baada ya kula, hata dakika 15 kutoka Langoni kwenda Mkomani na kurudi, hupunguza kilele cha sukari. Wazee waliokuwa wakienda kijiji jirani cha Shela kwa miguu walikuwa wakifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Boti ya dakika chache haifanyi kazi hiyo.

Asali sasa. Kwa uzito, karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, fruktosi ikiizidi glukosi kidogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ina manufaa yake na ina heshima yake, lakini kwa mwenye kisukari kijiko cha asali ni kijiko cha sukari. Watu pia huikataa asali iliyoganda wakidai muuzaji ametia sukari. Mara nyingi wamdhulumu. Glukosi huyeyuka kwenye maji kwa uchache kuliko fruktosi, kwa hiyo asali yenye glukosi nyingi hutoa chembe zenyewe na kuganda, hata ikiwa imetoka mzingani mikokoni bila kuguswa. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi. Na mtoto hajafika mwaka, asipewe asali hata ya kuramba, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Unga wa dukani na maji ya dripu

Pakiti ya glukosi iliyopangwa dukani karibu na maziwa ya unga ni dekstrosi karibu tupu. Ukiitia ulimini hutoa ubaridi kidogo, na utamu wake ni kama robo tatu tu ya sukari ya kawaida. Huingia kwenye damu upesi kwa sababu hakuna cha kuvunja. Haina protini wala mafuta. Kumpa mtoto asiyependa kula maji ya glukosi ni kumshibisha kitu kisichojenga mwili, na baadaye hatakula. Kumpa mtoto mchanga ni vibaya zaidi. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha kwa miezi 6.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni kumpa unga huo mtoto anayehara. Mama amesikia kwamba dawa ya ORS, ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji kumpa anayehara, ina glukosi, akaona bora ampe glukosi yenyewe. Kumbe nguvu ya ORS iko kwenye uwiano. Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao hupitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata kwenye kipindupindu. Glukosi bila chumvi haina mwenzake wa kupita naye, na ikizidi hufanya kinyume: huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, mtoto akahara zaidi. Soda na juisi nzito zina kosa hilo hilo. Dafu ni zuri kwa kiu, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya ORS kwa mtoto aliyekaukiwa.

ORS ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi katika lita moja ya maji, pamoja na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na chumvi nyingine mbili. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia aina ya awali ya mchanganyiko huo kwa wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliokumbwa na kipindupindu huko Bangaon, India, baada ya dripu kumwishia. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Kwa vitu vilivyoko kila jikoni! Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitamsitiri mtoto njiani kuelekea kituo cha afya, ambako atapewa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Dripu nayo imepewa sifa isiyo yake. Mtu amechoka, anaomba atundikiwe maji ya glukosi apate nguvu. Mfuko wa nusu lita wa dekstrosi ya asilimia 5 una gramu 25 za glukosi. Kwa hesabu ya nishati hiyo ni sawa na kipande kimoja cha mkate, na chai ya maziwa na hamri moja vyaushinda. Aliyeweza kutafuna hahitaji kudungwa. Mahali pake halisi ni kwa asiyeweza kula, au kwa mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari yake imeporomoka chini ya 2.2, hapo glukosi ya mshipani ni ya kuokoa roho, na haisubiri.

Tende, futari na sukari iliyoshuka

Mwezi wa Ramadhani ndio unaodhihirisha haya yote. Tende iliyokauka ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, nyingi ikiwa glukosi na fruktosi ambazo tayari zimeachana, ndiyo maana aliyefunga huhisi ameamka mara baada ya kuzila. Tende ndogo za kawaida tatu zina sukari ya gramu 15 hivi. Tende moja kubwa ya madjool yafikia kiasi hicho peke yake. Kwa mwenye kisukari, hizo tatu ndogo na maji zatosha kufuturia. Tatizo la futari yetu huwa ni yanayofuata: kaimati zilizolowa shira, uji mtamu, viazi vitamu vya nazi, mkate wa sinia, na juisi, vyote kabla ya tarawehe. Ningeomba mbaazi, samaki na mboga vitangulie, kaimati moja ije mwisho.

Mwenye kisukari atakayefunga na azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa akiwa anatumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamaidi. Kujitoboa kidole hakufunguzi, ndivyo walivyosema wanavyuoni wengi, kwa hiyo na apime mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au imepita 16.7, mwongozo wa madaktari ni kufungua papo hapo, hata ikiwa zimebaki dakika kumi adhana ilie.

Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho la baridi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, akaanza kusema yasiyoeleweka. Wengine huonekana kama wamekasirika tu. Hapo ndipo ule unga wa dukani unapofaa: vijiko 3 au 4 vya chai kwenye maji, au sukari ya kawaida kiasi hicho hicho, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, mradi isiwe ile isiyo na sukari. Halua isitumike, samli yake huichelewesha glukosi wakati hakuna wakati. Subiri dakika 15, upime tena, na ikiwa bado iko chini rudia. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Akishazinduka ale mlo kamili, na kesho yake dozi yake ipitiwe upya na daktari, kwa sababu dozi iliyomwangusha leo, akiendelea kula na kufunga vile vile, itamwangusha tena.